Kalibu ni ya Nani? Swali kwa Wanaohesabu Viwanda



Kila kiongozi wa serikali anapotembelea kiwanda cha plastiki, picha huwa ni ileile. Kofia ngumu kichwani, kizibao cha kung'aa, ndoo nyekundu mkononi, tabasamu. Kesho yake tunaambiwa uchumi wa viwanda umefika. Mimi nikiiona picha ile natafuta vitu viwili ambavyo mpiga picha hana habari navyo: ile mifuko ya kilo 25 iliyopangwa ukutani, na lile pande la chuma lililofungwa katikati ya mashine. Kwenye mifuko ndimo ilimo plastiki. Kwenye chuma ndimo lilimo umbo la ndoo. Vyote viwili vimeshuka bandarini vikiwa tayari. Sisi tumetoa umeme, maji, na kijana wa kusimama mlangoni mwa mashine akiokota ndoo.

Nalisema neno langu mapema, maana najua wengine bando linakaribia kukata. Kama tunataka sera ya viwanda iliyo tofauti na ile hesabu ya vyerehani vinne ni kiwanda, tuache kuuliza viwanda vingapi. Tuulize punje za plastiki zimetoka wapi, na kalibu imechongwa na nani. Na kati ya maswali hayo mawili, tuanze na la pili. Najua wengi wetu tungependa kuanza na la kwanza kwa sababu lina gesi ndani yake, na gesi inapiga makofi mkutanoni. Nitafika huko.

Kwanza tuingie ndani. Nimepiga deiwaka miaka miwili kwenye kiwanda kimoja cha plastiki hapa Dar, zamu ya usiku. Jina la kiwanda halina maana, vinafanana. Kazi yenyewe iko hivi. Punje ndogo kama punje za mchele, nyeupe au zilizotiwa rangi, zinamiminwa kwenye faneli juu ya mashine. Chini ya faneli kuna bomba nene la chuma lenye hita kuzunguka, na ndani yake skrubu kubwa inayozunguka kama ile ya mashine ya kusaga nyama. Punje zinasukumwa mbele huku zinayeyuka. Kwa plastiki ya ndoo na viti, yaani polipropilini, joto linakuwa kati ya nyuzi 200 na 250. Kisha skrubu inasukuma kwa kishindo, uji ule moto unaingia kwenye kalibu kupitia kitundu kidogo, kalibu ikiwa imebanwa kwa nguvu ya mamia ya tani isifumuke. Maji ya baridi yanapita kwenye mirija iliyotobolewa ndani ya chuma chenyewe. Plastiki inaganda. Kalibu inafunguka, ndoo inasukumwa nje, unaipokea, unakata kile kimkia, unapanga. Na tena. Na tena mpaka asubuhi.

Kalibu, ambayo kiwandani wengi wanaiita moldi, ndiyo hilo pande la chuma la nusu mbili. Ukilitazama utaona ni chuma tu. Lakini ndani yake kuna elimu kuliko mashine yote iliyobaki. Plastiki ikipoa inasinyaa, na polipropilini inasinyaa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 na zaidi kidogo. Kwa hiyo anayechonga kalibu ya ndoo lazima achonge ndoo kubwa kuliko ile anayoitaka, na ajue itasinyaa wapi zaidi, maana penye unene pakubwa panasinyaa zaidi ya penye wembamba. Kizibo kikikosea kwa sehemu ya milimita, dumu linavuja. Chuma chenyewe ni kigumu na lazima king'arishwe, la sivyo kila kasoro yake inajichora kwenye kila ndoo. Na ile mirija ya maji ndiyo inayoamua mwenye kiwanda atakula nini.

Hapo kwenye mirija naomba tukae kidogo. Kwenye mzunguko mmoja wa kutengeneza ndoo, sehemu kubwa ya muda si kuyeyusha wala kusukuma, ni kusubiri ipoe. Kalibu yenye mirija iliyopangwa vibaya itatoa ndoo moja kila sekunde 40, yaani ndoo 90 kwa saa. Kalibu nzuri itatoa kila sekunde 30, ndoo 120. Mashine ileile, mkopo uleule wa benki, vijana walewale na bili ileile ya kila mwezi. Tofauti ya ndoo 30 kwa saa imelala ndani ya chuma kilichochongwa na mtu aliyeko maelfu ya kilomita kutoka hapa, ambaye anajua hesabu hiyo, na ndiyo maana kalibu inauzwa kwa maelfu ya dola, na za vitu vikubwa makumi ya maelfu.

Usiku mmoja kalibu ya ndoo ndogo ilipata ufa. Kitu kidogo, kama unywele. Ndoo zikaanza kutoka na mkunjo pembeni. Mashine ikazimwa. Msimamizi akapiga picha kwa simu, akazituma nje kwa walioiuza. Kalibu ikafungwa kwenye boksi la mbao ikasafirishwa. Karibu wiki sita mashine ile ilifunikwa turubai, na sisi deiwaka wanne tuliokuwa tunaihudumia tukaambiwa tungoje kupigiwa simu. Simu yenyewe iliwafikia wawili. Hakukuwa na mgomo, wala mgawo wa umeme, wala mlipuko wa ugonjwa. Ufa tu. Na katika jiji hili lote, lenye mafundi wa Gerezani wanaoweza kukufufulia injini iliyokufa tangu enzi za Mzee Mwinyi, mwenye kiwanda hakuwa na mahali pa kupeleka chuma chake akaamini kitarudi sawasawa.

Sasa twende kwenye punje, maana huko ndiko siasa ilikolala.

Plastiki ni mnyororo. Unachukua molekuli ndogo ya gesi, tuseme ethilini, unaifungua na kuiunga na mwenzake, na mwenzake, maelfu kwa maelfu, kama shanga za tasbihi. Hiyo ndiyo polima. Minyororo ikinyooka na kulala karibukaribu unapata polietilini ngumu ya madumu na mabomba. Ikiwa na matawimatawi, haipangiki vizuri, unapata ile laini ya mifuko, ambayo mtaani tumeizoea kwa jina la nailoni ingawa si nailoni kabisa. Yote yanategemea unavyounga. Mwaka 1933 wakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza waliipata polietilini kwa bahati tu, kwa presha kubwa mno. Miaka 20 baadaye, Karl Ziegler wa Ujerumani aligundua kichocheo kinachounga mnyororo huo bila presha ile ya kutisha. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Milano akatumia njia hiyo kupanga polipropilini, hiyo ya ndoo yako. Wote wawili walipewa Nobeli ya mwaka 1963.

Kinachonivutia kwa Ziegler si hiyo Nobeli. Alikuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe, pale Mülheim. Makaa! Na ada ambazo viwanda vya dunia vililipa kwa kutumia kichocheo chake ziliendesha taasisi ile kwa miongo kadhaa. Sisi makaa yapo Ngaka, yapo Mchuchuma. Tunayapakia kwenye malori hadi bandari ya Mtwara na kuyauza kama yalivyotoka ardhini.

Wengi mtasema, kamanda, sisi tuna gesi. Kweli. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982, na baharini tukapata nyingine nyingi, serikali inataja zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Ndugu zetu wa Mtwara waliingia barabarani mwaka 2013 wakidai gesi isiondoke bila kuwaachia kitu. Walijibiwa kwa mabomu ya machozi na wanajeshi. Bomba likajengwa hadi Dar. Tangu hapo kila kikao cha vijana lazima atasimama mtu aseme: tukichukua nchi tutajenga kiwanda cha plastiki Lindi kwa gesi yetu wenyewe, Saudi Arabia waliweza!

Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Saudi Arabia waliweza, ni kweli. Kabla ya miaka ya 1970 gesi iliyotoka pamoja na mafuta yao walikuwa wanaichoma moto tu jangwani. Mwaka 1976 wakaanzisha kampuni ya SABIC, wakajenga Jubail, na leo punje zao zinafika mpaka viwanda vya Barabara ya Nyerere. Lakini gesi ile ilikuwa na ethani nyingi, na ethani ukiipasha joto kali inageuka ethilini, hapo umeshaukaribia mnyororo. Gesi yetu ni kavu. Ile ya Songo Songo karibu asilimia 97 ni methani tupu. Methani haipasuki kirahisi ikawa ethilini. Ni nzuri sana kwa umeme, kwa mbolea, kwa kupikia, ila kwa plastiki inataka safari ndefu: uigeuze kwanza kuwa mchanganyiko wa hidrojeni na kaboni monoksaidi, mchanganyiko huo uwe methanoli, na methanoli ndiyo igeuzwe ethilini na propilini.

Je, safari hiyo inawezekana? Inawezekana. China wanaifanya kwa kuanzia na makaa ya mawe. Kiwanda cha Baotou kilianza mwaka 2010 kikiwa na uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Tazama ukubwa huo. Kiwanda cha namna hiyo hakijengwi kwa ajili ya ndoo za Kariakoo peke yake. Kinajengwa kwa soko la Afrika Mashariki nzima na Kongo na zaidi, kwa mabilioni ya dola, na kwa mkataba wa gesi wenye bei iliyofungwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayesimama jukwaani kusema tutakijenga katika miaka mitano anawadanganya wana-Lindi kama walivyodanganywa na wenzetu wa upande wa pili. Likong'o watu walipisha ardhi kwa ajili ya mradi wa kugandisha gesi, mazungumzo na Equinor na Shell yamesogezwa mwaka hadi mwaka. Hawahitaji ahadi nyingine ya jukwaani kutoka kwetu.

Kinachowezekana sasa hivi ni kudai mkataba. Sheria ya uwazi katika sekta ya uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba iwekwe hadharani. Tuidai isomeke, na tuangalie kipengele cha gesi ya soko la ndani: ni kiasi gani, kwa bei gani, kwa matumizi gani. Bila gesi iliyotengwa kwa bei inayojulikana, hakuna mwekezaji wa methanoli wala wa mbolea atakayepiga hodi, na gesi yote itapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, imiminwe melini, iende. Wenye umri mkubwa watakumbuka Kilwa kulikuwa na mpango wa kiwanda cha mbolea kwa gesi ya Songo Songo tangu miaka ya 1980. Haukufika popote.

Kwa hiyo narudi kwenye kalibu. Hii haihitaji trilioni 57 za chochote. Inahitaji chuma kizuri, mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, ile mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme, tanuri la kukaza chuma, na watu waliofundishwa miaka minne au mitano kwa mikono. Karakana nzuri moja ni gharama ya misafara michache ya magari ya wakubwa. India mwaka 1968 walipokuwa wananunua sehemu kubwa ya teknolojia hii nje, walianzisha chuo cha uhandisi wa plastiki pale Madras, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Jina lake la mwanzo lilikuwa na neno la zana ndani yake: plastiki na zana zake. Walijua kuchonga kalibu ni kazi ya kufundishwa kama udaktari. Leo chuo hicho, CIPET, kina matawi nchi nzima.

Na sisi hatuanzi sifuri, hilo ndilo linaloniuma. TIRDO iliundwa mwaka 1979, TEMDO ya Arusha mwaka 1980, SIDO ipo tangu 1973. Kule Hai, Kilimanjaro, kulijengwa kiwanda cha kutengeneza mashine kwa ushirikiano na Bulgaria miaka ya 1980, kiwanda ambacho kazi yake ilikuwa kuzaa mashine za viwanda vingine. Waliokuwa wanafikiria wakati ule, pamoja na makosa yao yote ya chama kimoja, walielewa kwamba mama wa viwanda ni karakana. Kilichofuata mnakijua. Kiwanda kikakaa kimya miaka mingi, na kila waziri mpya anaahidi kukifufua.

Tunaweza kuanzia chini. Matenki ya maji, yale meusi makubwa, hayatengenezwi kwa presha. Unga wa polietilini unamwagwa ndani ya kalibu ya bati la chuma, kalibu inazungushwa polepole ndani ya tanuri, unga unayeyuka na kujipaka ukutani. Kalibu ya tenki fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuiunda. Ukipanda kidogo kuna madumu, ambapo bomba laini la plastiki ya moto linapulizwa kama puto likafuata umbo la kalibu. Presha yake ni ndogo, kalibu yake inasamehe. Ndipo uje kwenye ndoo, viti, na mwisho kabisa vizibo, mabomba ya sindano za hospitali, vifaa vya umeme, ambako hata nywele moja ni kosa. Nchi inapanda ngazi hiyo darasa kwa darasa. Haihitaji kungoja gesi.

Sasa kuna wenzetu wa mazingira watakaoniuliza, kwa nini upigie plastiki debe wakati mitaro imeziba? Swali halali. Jibu langu ni kwamba ujinga wa polima ndio unaotuletea sera mbovu za mazingira pia. Katazo la mifuko lilitangazwa bungeni Aprili 2019, likaanza tarehe 1 Juni. Chini ya miezi miwili. Mimi naliunga mkono katazo lenyewe, mifuko ile ilikuwa balaa. Lakini waliokuwa wanaizalisha na vijana wao walipewa muda wa kufunga virago tu. Na ile mifuko mbadala tuliyouziwa, ile laini kama kitambaa? Ni polipropilini. Ni plastiki! Nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja. Afisa wa serikali aliyesimama sokoni na kipaza sauti kumwambia mama ntilie aachane na plastiki alikuwa ameshika plastiki mkononi.

Hata urejelezaji una kemia yake. Kila unapoyeyusha plastiki upya, minyororo inakatika, inakuwa mifupi, ndoo inakuwa dhaifu. Ndiyo maana ndoo za bei chee zinapasuka msimu mmoja. Mwokota chupa wa Tandale anajua kutenganisha aina kwa sauti zikigongwa na kwa moshi zikiungua, elimu aliyoipata bila cheti. Angekuwepo mtaalamu wa polima halmashauri, wawili hao wangefanya kazi pamoja.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi, maana ni mada ya siku nyingine. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki umepangwa malighafi iingie bure, bidhaa zilizo nusu njia asilimia 10, zilizokamilika asilimia 25 na nyingine 35. Mpangilio huo unamlinda mwenye kuyeyusha. Mwenye kuchonga kalibu hapa nchini halindwi na yeyote. Akinunua chuma cha kalibu kutoka nje anapambana na forodha, akimaliza kazi anashindana na kalibu inayoingia kama kifaa cha mtaji.

Nimeandika pendekezo la kurasa mbili kwa kamati ya sera ya vijana kabla ya kikao kijacho. Linataka ilani yetu itaje vyuo vitatu vya kalibu, Dar, Mwanza na Mbeya, kila kimoja kikiwa na karakana inayopokea kazi za viwanda kwa malipo ili isingoje bajeti. Linataka kiwanda kinachopata msamaha wa kodi kipeleke vijana wake kusoma huko, wakiwa na mkataba wa ajira na si deiwaka. Na linataka wabunge wetu waulize swali moja kwenye bajeti ya viwanda: mwaka huu, kalibu ngapi za plastiki zimechongwa na kukarabatiwa katika taasisi za serikali? Idadi tu, iingie kwenye Hansard.

Wale wenye uzoefu wa kereza, wa VETA, wa SIDO Vingunguti, na hasa nyie mnaosimama zamu za usiku sasa hivi mkisoma hii kwa kujificha msimamizi asiwaone, nitumieni mliyoyaona. Sehemu ya gharama za karakana kwenye pendekezo bado ni nyembamba, na kikao ni mwisho wa mwezi.